Niligusa bajaji kwenye foleni, sasa kila simu ikiita majeruhi wanaongezeka

Mjomba shikamoo. Mi ni msomaji wako wa kimya kimya, huwa nasoma matatizo ya wenzangu nacheka mwenyewe jikoni, sasa leo zamu yangu imefika na wala sicheki. Naomba mawazo yako maana hata chakula hakipiti.

Iko hivi. Naishi Tabata, nina ka-IST kangu nilikonunua kwa jasho langu, nakatumia kupeleka keki za oda na asubuhi kupeleka watoto shule. Jumanne ya wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka Buguruni, niko barabara ya Mandela narudi nyumbani, foleni ile ya saa kumi na mbili jioni we unaijua, gari zinatambaa, unaachia breki unasogea hatua mbili unakanyaga tena. Karibu na Relini nikageuka kidogo kuangalia boksi la keki siti ya nyuma lisije likateleza, yaani sekunde moja tu mjomba, nikasikia KO. Nimemgonga bajaji wa mbele yangu. Spidi hamna kabisa, hata ile keki haikusogea, ilibaki na maua yake yote na jina la mtoto juu.

Dereva akashuka, nami nikashuka. Taa yake ya nyuma ya kushoto imepasuka na bodi imebonyea sehemu ndogo kama kikombe cha chai. Kwangu bampa imekwaruzika na pleti namba imepinda. Ndani ya bajaji kulikuwa na dada mmoja amejitanda mtandio wa njano, pembeni yake ameweka ndoo ya bluu ile ya lita ishirini, nikamuuliza dada yangu umeumia? Akasema hapana nimeshtuka tu. Huku nyuma watu wanapiga honi kama wamechanganyikiwa, konda wa daladala ananitukana, basi tukakubaliana na dereva nimpe elfu hamsini ya taa, nikamtumia kwa M-Pesa palepale, akachukua namba yangu nikachukua yake tukaachana kwa amani kabisa, hadi akaniambia pole sista. Trafiki hatukumwita. Nilipiga picha mbili tu za harakaharaka.

Jumamosi ndo ikaanza. Dereva anapiga, anasema yule abiria shingo inamuuma hawezi kugeuka, anataka hela ya hospitali. Nikaona huruma nikatuma laki moja, hata sikuuliza hospitali gani. Jumatatu ikapiga namba mpya, mwanaume anaongea taratibu kwa sauti nzito, anasema ye ni wakili wa "majeruhi". Nikamwambia majeruhi gani tena wakati nimeshatuma hela? Akasema majeruhi ni watatu: dereva mgongo, abiria wa kike shingo, na abiria wa kiume amevunjika mfupa wa bega, eksrei imepigwa Jumamosi. Mjomba mi nakuapia hakukuwa na mwanaume mwingine kwenye ile bajaji! Nikamwambia, akajibu "mama, wewe ulichanganyikiwa, mtu aliyegonga huwa haoni vizuri". Akanitumia WhatsApp picha ya eksrei imeshikwa dirishani, na karatasi mbili za risiti zimeandikwa kwa mkono. Anataka milioni nne na nusu tumalizane kabla mwezi haujaisha, la sivyo anakwenda polisi, nanyang'anywa leseni na gari linashikiliwa. Juzi akapiga tena akasema yuko na askari hapo pembeni yake, nikasikia mtu anakohoa tu.

Bima ninayo ila ni ile ndogo, na nilisikia bima ndogo hailipi kitu. Shemeji yangu ananiambia nikane kila kitu, niseme bajaji ndo ilirudi nyuma ikanigonga mimi, eti hamna shahidi. Rafiki yangu mwingine anasema lipa yaishe, hela inatafutwa. Baba watoto yuko Dodoma kikazi sijamwambia kitu, atasema ndo nyie wanawake na magari. Kikoba chetu kinakaa Jumamosi hii na nina uwezo wa kukopa milioni mbili, nilikuwa nafikiria nitangulize hizo ili wanipe nafasi ya kupumua. Nifanye nini? Na je kama kweli yule dada anaumwa na mi namwita tapeli, si dhambi hiyo?

Mama Keki, Tabata

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu, marahaba sana. Kwanza kunywa maji. Halafu zima ile sauti ya simu, namba ya huyo bwana iwekee mlio wake peke yake ili kila simu ikiita usiruke kama umekanyaga waya wa umeme.

Nianze na shemeji yako kabla hajaharibu zaidi. Bajaji haikurudi nyuma. Uligonga, ulikuwa unaangalia keki. Ukienda polisi na hadithi ya bajaji kurudi nyuma utakuwa umetoka kwenye kosa dogo la uzembe barabarani umejiingiza kwenye uongo, na huo uongo una M-Pesa yako ya elfu hamsini ya jioni ileile inayokusuta, maana nani amegongwa halafu akamlipa aliyemgonga? Sa hivi kitu pekee ulichonacho ambacho wenzako hawana ni kwamba hadithi yako ni moja na haijabadilika tangu Jumanne. Usiiguse.

Sasa nikwambie ninapotokea ili ujue kwanini naongea hivi. Mi nilikaa kwenye meza ya madai ya bima miaka kadhaa kabla sijawa mjomba wa watu wote. Nimeyaona mafaili. Kuna faili moja la majeruhi watatu wa ajali moja, watu hawajuani, wanakaa sehemu tatu tofauti, lakini wote watatu kwenye maelezo yao wameandika "mahumivu ya mgogo". Si mgongo, MGOGO. Mkono tofauti, kalamu tofauti, kosa lilelile. Tulicheka ofisi nzima siku hiyo.

Lakini nina faili lingine sichekagi nikilikumbuka. Mama mmoja muuza ndizi, aligongwa na gari kwa nyuma akiwa ndani ya daladala, kagongo kadogo kama kako, bampa tu. Alisema shingo. Eksrei ikaja safi, hamna kitu, nami kijana mjuaji nikaandika kwenye faili "mashaka", likalala kwenye droo miezi mitano. Siku moja akaja mwenyewe ofisini na sinia lake la ndizi, amelibeba kwapani kaliegemeza kiunoni. Nikamuuliza mama mbona hivyo? Akasema "mwanangu, kichwani halikai tena". Mtu aliyebeba sinia kichwani miaka yote na mikono akiwa ameiachia, sasa anabeba kwapani na anauza nusu ya mzigo. Hakuwa anaomba hela ile siku, alikuja kuuliza tu faili limefikia wapi. Niliona aibu sana.

Kwahiyo hapo kwenye swali lako la mwisho, la dhambi, naomba tuwatenganishe hao watu watatu, maana huyo bwana wa sauti nzito amewafunga fungu moja makusudi, anajua ukimwonea huruma mmoja utawalipa wote.

Dada wa mtandio wa njano anaweza kuwa anaumwa kweli. Ukigongwa kwa nyuma hata kwa spidi ndogo kichwa kinabaki nyuma kiwiliwili kinakwenda mbele, misuli na kano za shingo zinavutika, na maumivu yake mara nyingi hayaji palepale, yanakuja usiku au kesho yake asubuhi mtu akiamka. Na eksrei inaonyesha mifupa, misuli iliyovutika haionyeshi, kwahiyo hata akileta eksrei safi usiseme ahaa nimemkamata. Wengi wao wanapona ndani ya wiki kadhaa na dawa za maumivu na kuendelea kuisogeza shingo taratibu, ila akisema mkono unakufa ganzi au nguvu zinapungua huyo awahi hospitali kubwa haraka. Hoja yako ya keki haikusogea nimeielewa lakini haimsaidii mtu, keki ilikuwa imekaa kwenye boksi lake na boksi limekaa kwenye siti, yule dada alikuwa kwenye bajaji ambayo hata pa kuegemeza kichwa haina.

Dereva na mgongo wake, sijui. Dereva wa bajaji anashinda amekaa kwenye kile kisiti kutwa nzima, mgongo ulikuwa unamuuma kabla yako na utamuuma baada yako. Inawezekana umemwongezea, inawezekana hujamwongezea kitu. Hilo ni la daktari, si langu wala lako.

Wa tatu, mwenye bega, hapo sasa ndo nikavuta kiti.

Ulinitumia zile picha zako mbili. Ya kwanza ni bampa na taa, sawa. Ya pili umepiga kwa ubavu, dereva amesimama ameshika kiuno, na nyuma yake siti ya abiria inaonekana yote: dada, mtandio wa njano, anachezea simu, kisha ndoo ya bluu imekaa pale ambapo mwanaume alitakiwa awe amekaa. Nimeikuza hadi ikawa vumbi. Hamna goti, hamna kiatu, hamna mtu wa tatu. Labda watasema alikuwa ameshashuka kununua karanga, wacha waseme, lakini wayaseme hayo mbele ya askari anayeandika.

Halafu hiyo eksrei. Mi si daktari na siisomi eksrei, ila nimeshika nyingi sana. Filamu ya eksrei huwa ina jina la mgonjwa, tarehe, na alama ya herufi kuonyesha ni upande wa kulia au kushoto. Yako wamepiga picha kwa ujanja, kona yenye maandishi imefichwa na kidole gumba. Kidole kizuri, kina kucha ndefu, lakini kimekaa palepale penye jina! Na mfupa wenyewe ni wa mtulinga, ule unaotoka shingoni kwenda begani, na pale palipovunjika pana fundo kama lile fundo la muwa. Fundo lile ni mfupa mpya, ndivyo mwili unavyojiunga wenyewe, na fundo la kuonekana kwenye eksrei linachukua wiki kadhaa kujengeka. Ajali Jumanne, eksrei Jumamosi, siku nne. Mwonyeshe daktari yeyote unayemwamini hiyo picha asikie mwenyewe, usinitegemee mimi, lakini kama ni fundo kweli basi huyo mtu alivunjika muda mrefu kabla keki yako haijaokwa.

Na risiti. Bili ya hospitali ya serikali siku hizi inatoka na kontrol namba, hospitali binafsi na maduka ya dawa wanatakiwa kutoa risiti ya mashine ya EFD. Karatasi ya kuandikwa kwa peni yenye mhuri uliopinda, hiyo hata kwenye kikoba chenu mhasibu angeikataa.

Haya, cha kufanya. Unaona hapo umekaa unaamua nani muongo nani mkweli, ndo maana huli. Hiyo kazi si yako. Kuna watu wanalipwa kuifanya. Kazi yako ni kulitoa hili jambo kwenye simu yako na kwenye pochi yako ulipeleke mahali ambapo karatasi ya polisi inakutana na karatasi ya daktari na ya bima, zinaulizana zenyewe. Mwenye maumivu ya kweli ataipita hiyo njia, atalalamika kidogo kwamba ndefu lakini ataipita. Mwenye bega la zamani hatakanyaga.

Kesho asubuhi nenda kituo cha polisi, kitengo cha trafiki, kwenye kituo kinachohusika na eneo lile. Sema ukweli wote, ulimgonga bajaji, siku fulani, saa fulani, mlikubaliana, hamkuita trafiki, na sasa unadaiwa hela, tena hata na mtu ambaye hakuwepo. Usisubiri wao ndo wakatangulie kukushtaki. Watakusema, ndio, watakuuliza kwanini uliondoka bila kuripoti, inama tu ukubali. Inawezekana kabisa ukaandikiwa faini, ile ya elfu thelathini, na kama kweli kuna aliyeumia suala linaweza kufika mahakamani. Lakini pima mwenyewe, huko na milioni nne na nusu za kumlipa mtu asiyekuwepo, tena bila uhakika kwamba kesho hataleta abiria wa nne. Ukitoka hapo utoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, iandike mahali.

Sasa hapo polisi kuna kitu kinaitwa PF3 nadhani umewahi kukisikia. Mtu akijeruhiwa kwenye ajali anachukua hiyo fomu polisi, anaipeleka hospitali, daktari anamchunguza anajaza alichokiona, inarudi. Fomu ile hailipiwi. Muulize huyo wakili wako swali moja tu: PF3 za watu wako watatu zimetoka kituo gani? Nakuhakikishia kutakuwa na kimya, kisha hasira. Hasira yake isikutishe.

Na kwa habari ya uwakili wake, Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaitwa e-Wakili, unaingiza jina la mtu unaona kama yumo kwenye orodha ya mawakili. Mwombe majina yake kamili na ofisi yake iko mtaa gani, mwambie unataka barua ya madai kwa maandishi. Wakili wa kweli anaandika barua, ndo kazi yake, wala haoni umemtukana. Anayetaka kila kitu kiishie kwenye simu, tena na mtu wa kukohoa pembeni, huyo si wakili. Huyo askari naye kama yupo ana jina na ana kituo, uliza uende mwenyewe kwa miguu yako, usijadiliane na kikohozi.

Kutoka polisi nyoosha moja kwa moja kampuni yako ya bima. Nani kakwambia bima ndogo hailipi kitu? Bima ndogo hailipi bampa LAKO. Ile unayokata kila mwaka kwa gari dogo kazi yake hasa ni kulipa watu wengine uliowaumiza, na sheria imeilazimisha kwa sababu hiyohiyo. Mtu wa Tabata analipia kitu mwaka mzima, siku ya kukitumia anakwenda kukopa kikoba, mpwa wangu jamani! Kabla hujaenda hakiki stika yako kwenye TIRA-MIS, ule mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unaweza kwa simu tu, uone kama imeingia kwenye mfumo na haijaisha, maana wapo mawakala waliouzia watu stika za mchongo.

Bima watakulaumu kwa vitu viwili. Umechelewa kutoa taarifa, na umelipa laki moja na nusu bila kuwauliza. Karibu kila mkataba wa bima una sharti kwamba usikubali kosa, usiahidi na usilipe mtu chochote mpaka wao waridhie, kwasababu ukishaahidi umewafunga mikono. Kwahiyo usilipe tena hata shilingi, wala usiandike mahali "nitawalipa". Hizo ulizotuma zieleze wazi na skrinshoti zake, hamsini ya taa, laki ya hospitali uliyotoa kwa ubinadamu. Halafu waachie. Watamtuma mkaguzi wao, wataomba PF3, na akitokea wa bega watampeleka kwa daktari wao apigwe eksrei upya, bila kidole. Wakikuzungusha au wakikataa bila sababu, malalamiko yanapelekwa TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili ya mambo hayohayo. Ila anza nao kwanza, mara nyingi wakisikia neno utapeli huamka wenyewe, ni hela yao inayotafutwa.

Picha zako mbili usizifute na usitegemee zile za WhatsApp, picha ikipita WhatsApp inapoteza taarifa za saa na mahali ilipopigwa. Ya asili iliyoko kwenye simu ndo yenye uzito, nakili kwenye flash au kompyuta ya mtu. Jumbe zake zote piga skrinshoti kabla hajazifuta. Kumdai mtu hela kwa hadithi ya uongo ni jinai kwetu, kujipatia fedha kwa udanganyifu, kwahiyo kila anachokuandikia ni zawadi anakupa.

Tarehe yake ya mwisho wa mwezi isikunyime usingizi. Sheria inampa mtu aliyeumizwa miaka 3 kufungua madai ya namna hiyo. Mwenye haki ana miaka mitatu, huyu ana siku kumi, jiulize nani anamkimbiza.

Ukishatoka polisi na bima mtumie ujumbe mmoja, mfupi, usiongeze chumvi: "Habari. Suala la ajali ya Jumanne nimeliripoti polisi na kwenye kampuni yangu ya bima. Anayedai ameumia achukue PF3 kituoni na apeleke madai yake bima kwa maandishi. Sitafanya malipo yoyote kwa simu." Weka namba ya RB chini. Basi, usipokee tena, wala usibishane kuhusu ndoo, ndoo usimtajie kabisa, aje ajikute nayo mbele ya safari.

Ila yule dada. Namba yake huna, una ya dereva tu, na dereva anaweza kuwa ndo anaendesha mchezo wote huu au naye katumika, siwezi kujua. Mwambie dereva unataka kuongea na dada mwenyewe, sauti yake. Ukimpata mpe pole, muulize anaendeleaje, muulize kama ile laki ilimfikia. Mimi nina wasiwasi haikumfikia hata mia. Mwelekeze PF3, mwambie bima ipo na ni haki yake, kama hajui njia mwelekeze. Usimwahidi kiasi. Kumpa mtu pole si kukiri kosa, na we kosa lenyewe la kugonga hukatai. Ikija siku mkafika mahali pa kumalizana, bima wakiwemo, yaandikwe, asaini yeye mwenyewe na siyo "mwakilishi", mbele ya wakili anayeonekana.

Baba watoto mpigie leo. Najua. Atasema hayo maneno ya wanawake na magari, mwache ayamalize, kisha mtumie ile picha ya pili. Afadhali akasirike akiwa Dodoma kuliko aje akute deni ambalo hakushirikishwa, halafu yule bwana akishindwa kwako namba ya mumeo ndo ataitafuta, na mume asiyejua kitu atalipa kwa aibu tu.

Jumamosi nenda kikoba kama kawaida. Weka hisa zako, kula maandazi yao, mkopo usichukue.